Kumstaafisha Mbaruku Mrusha Tiara

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye hajafika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa madiwani wa sasa, wa zamani na wanaotarajia. Masharifu na maimamu wa Mji wa Kale. Wachungaji na mashemasi wa Makupa na Ganjoni. Walimu wakuu na walimu wengine. Wazee wa baraza. Akina mama mlio kivulini na nyinyi mlionyimwa kivuli kwa kuchelewa. Na nyinyi watoto mlioketi chini, ambao itifaki haikuwataja ila mimi kwa unyenyekevu wangu nimewataja: hamjambo, tena hamjambo. (Makofi kutoka safu ya mbele, yenye viti. Safu za nyuma zinapunga nzi.)

Mimi ni Joab Mung'aro, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kutathmini Wahusika Wakuu katika Picha za Watoto, Kisiwa cha Mombasa na Vitongoji Vyake, na vivyo hivyo, tena kadhalika. (Watoto wanacheka. Mzee mmoja anawatolea macho, kisha naye anainamisha kichwa, mabega yakimtikisika.) Asanteni. Furaha ya watoto ndiyo ripoti ya kwanza ya kazi yangu.

Ndugu wananchi, tumekutana hapa Kibokoni, Jumamosi hii ya Novemba 1995, mbele ya mlango huu mnaouona nyuma yangu, wenye kufuli. Mlango ni wa Bi Tumu, yule pale mwenye kiti cha ukindu alichokuja nacho mwenyewe. Ndani ya mlango kuna chumba, ndani ya chumba kuna televisheni na mashine ya video, na kwa miaka kumi watoto wa mtaa huu wamekuwa wakijazana humo kila alasiri baada ya chuo cha Kurani kutazama picha za katuni. Tangu mwezi wa Machi hawajazitazama, kwa sababu kamati yangu ililifunga jumba hili kwa maslahi yao. Leo nimekuja kutangaza kama litafunguliwa, na kama likifunguliwa, ni nani atakayeonyeshwa. (Hata wauza kachiri za muhogo wameacha kuita.)

Kwa wageni ambao hawajui, nieleze. Picha hizi zinatoka Japani. Kanda ya kwanza aliileta mumewe Bi Tumu, aliyekuwa karani Kilindini, ambaye mwaka 1989 alipanda meli moja akisema atarudi Ijumaa, na ambaye ofisi yangu inaendelea kumhesabu kama mkazi. Mabaharia waliomjua hawakuacha kuleta kanda nyingine. Sasa, picha zinazungumza Kijapani, na Kijapani hapa hakijui mtu. Kwa hiyo Bi Tumu huondoa sauti ya televisheni, akaketi kando yake na kipepeo cha kujipepea mkononi, akawasemea wote: mtoto, mama, ndege, upepo. Ndiye aliyempa yule mtoto wa kwenye picha jina la Mbaruku. Kwao Japani ana jina jingine, lakini kutoka Ngome hadi Makupa hakuna asiyemjua Mbaruku mrusha tiara.

Na hapo, waheshimiwa, ndipo tatizo lilipoanza. Fizibiliti stadi iliyofanywa na kamati yangu imebaini kwamba mwaka 1985 Mbaruku alikuwa na umri wa miaka kumi, na mwaka huu wa 1995, baada ya serikali kutoa chanjo, shule na maziwa, Mbaruku ana umri wa miaka kumi. Kitaalamu hali hiyo inaitwa kudumaa kimkakati. Tena kila mwaka huingia mashindano makubwa ya tiara, huwashinda wote, hufika fainali, na katika fainali uzi hukatika. Mara kumi! Na akishashindwa, badala ya kuandika barua ya kujieleza, yeye hutazama juu, tiara yake ikienda na upepo, akasema maneno yale yale. (Watoto wote, kwa pamoja, bila kuombwa: “Uzi mwingine upo!”) Maneno hayo hayo. Je, taifa litajengwa kwa uzi mwingine? Tumewahoji watoto mia nne, na kati yao mia sita wamekubali kwamba Mbaruku apumzishwe. (Sauti ya mama mmoja: “Hao mia mbili mmewazaa lini?”) Takwimu zinakua, mama, kama nchi.

Vivyo hivyo, tena kadhalika (watoto wanacheka tena, mmoja anaanguka ubavu), kamati ilikaa vikao arubaini na kimoja, kati ya hivyo thelathini na tisa vikiwa vya chai na mahamri, ili kumtafuta atakayechukua nafasi ya Mbaruku. Yalikuja mapendekezo mengi. Walimu walitaka mtoto anayependa hesabu. Wazee walitaka mtoto anayewaamkia watu. Lakini mimi binafsi, kwa kuwa sikuwahi kupata nafasi ya kuingia humu ndani kwa wingi wa majukumu, niliwauliza watoto wenyewe: katika picha hizi, mbali na Mbaruku, mnampenda nani? Wakanijibu bila kusitasita: Mwamuzi. (Kicheko kikubwa. Safu ya mbele inacheka pia, haijui kwa nini.)

Nimeelezwa habari zake na zimenigusa. Mwamuzi ni mtu mzima, mwenye kiwiliwili cha kutosha, anayekuja uwanjani na faili kwapani. Kabla tiara haijaruka, yeye huhutubu. Hutaja wageni wote kwa vyeo vyao, hata ndege. Upepo mzuri ukija humkuta angali anahutubu, ukapita. Nikajisemea: Joab, huyu ndiye kiongozi. Nikamuuliza Bi Tumu amemtoa wapi mtu mwenye hekima kama huyu, akaniambia kwamba hakumtoa mbali. (Bi Tumu anajipepea, macho chini.) Nikamwambia naona kama ninamfahamu. Akasema, “Huenda, mwanangu.” Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili: Mbaruku astaafu kwa heshima zote, na mhusika mkuu wa picha hizi, kuanzia leo, awe Mwamuzi.

(Kicheko kinakatika. Watoto wanatazamana. Mtoto wa kike wa miaka minane, Shifa, mjukuu wa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, anaanza kulia bila sauti, na watoto wa pembeni yake wanamsogelea.)

Msilie. Hatukufanya kwa pupa. Tulimpa Mbaruku haki ya kusikilizwa. Katibu wangu, Kenneth, alinakili anwani iliyochapwa kwenye boksi la kanda, tukamwandikia Mbaruku barua ya rejista, tukimtaka afike mbele ya kamati ana kwa ana, akiwa na mzazi au mlezi, kujieleza kuhusu uzi. Hakufika. (Sauti ya mzee: “Ungemtumia tiara, angekuja.”) Hakufika, lakini majibu yamekuja! Barua imefika juzi kutoka kwa wachoraji wenyewe, kwa Kiingereza, na Kenneth ameitafsiri kwa mkono wake. Sijaisoma, kwa sababu itifaki inataka barua ya kimataifa isomwe mbele ya umma, umma ukiwa umeketi. Naisoma.

“Mpendwa Mwenyekiti. Tumefurahi kujua kwamba picha zetu zinatazamwa Mombasa. Kuhusu ombi lako la kumbadilisha mhusika mkuu, tunasikitika kwamba tumeshindwa kulielewa. Mtoto wa kwanza, yule wa kofia ya bluu, alishinda fainali mwaka 1989 na hadithi yake ikaisha. Nafasi yake ilichukuliwa na mtoto mwingine, jirani yake. Na tangu mwaka 1992 mhusika mkuu ni…” Kenneth, hili neno ni nini? Ni msichana? (Kenneth anaitika kwa kichwa.) “…ni msichana, binamu wa yule wa pili. Kila mmoja ana nywele fupi na tiara yake mwenyewe. Je, ninyi huko mmekuwa mkimtazama nani?”

(Kunguru wanasikika juu ya paa la bati.)

Ndugu wananchi. Naomba maji. (Anapewa.) Kama nimesoma sawasawa, na mimi husoma sawasawa, ina maana kwamba Mbaruku alibadilishwa miaka sita iliyopita, na akabadilishwa tena baadaye, na mtaa mzima haukujua, kwa sababu sauti ilikuwa ile ile. Bi Tumu, kwa mamlaka niliyonayo, simama uwaambie watu. Ulijua?

(Bi Tumu hasimami. Anaomba kipaza sauti kiletwe pale alipo, na kinaletwa. Anazungumza polepole, kama anayemsemea mtu wa kwenye picha.)

(“Nalijua. Siku ile ile nalijua. Yule wa kwanza alishinda, akakunja tiara yake, picha ikaisha, na kanda iliyofuata hakuwamo. Hakuaga. Mwaka ule, mwanangu, mimi nilikuwa nishachoka na watu wasioaga. Nikawatazama watoto hawa wamekaa mkekani wakimngoja. Sikuweza kuwaambia kuwa mtu hwenda zake hivi hivi, pasi neno. Nikasema uzi umekatika. Nikamwita huyu mpya Mbaruku. Na huyu wa tatu nikamwita Mbaruku. Basi. Kama ni kosa la kufungiwa mlango, ni hilo.”)

(Shifa anajifuta uso kwa mtandio, anainuka, na bila kipaza sauti anamwambia Bi Tumu, si Mwenyekiti: “Bibi, sisi twajua zamani. Viatu vilibadilika. Na huyu ashika uzi kwa mkono wa kushoto. Nyuma ana kibanio cha nywele.” Bi Tumu anamuuliza mbona hawakusema. Shifa anawatazama wenzake, kisha anajibu: “Wewe ulikuwa ukifurahi ukimwita. Tukanyamaza, usije ukatahayari.”)

(Bi Tumu anajifunika mdomo kwa ukaya. Akina mama wa kivulini wanaangalia kwingine, kila mmoja kwa upande wake.)

Naam. Naam, naam. Naomba utulivu, ingawa mmetulia. Kiongozi wa kweli hupimwa kwa wepesi wa kuona ushindi mahali ambapo wengine wanaona aibu, na mimi nimeshauona. Waheshimiwa, kamati iliahidi kumbadilisha mhusika mkuu mara moja. Leo nathibitisha kwamba amebadilishwa mara mbili! Utekelezaji wa asilimia mia mbili! Tena umetekelezwa kabla ya kamati kuundwa, jambo ambalo kitaalamu linaitwa kuwahi. Na mtoto wa kike amepewa nafasi ya juu, kulingana na maazimio yote ya mkutano wa wanawake wa Beijing, tena miaka mitatu kabla Beijing yenyewe haijafikiria kukutana. Nani mwingine katika mkoa huu ana rekodi kama hiyo? (Sauti ya mzee: “Bi Tumu.”) Kwa kushirikiana na ofisi yangu.

Kwa hiyo natangaza: Mbaruku hatastaafu, kwa kuwa hayupo. Huyo aliyepo ataendelea kuwa Mbaruku hadi hapo uzi utakapoelekeza vinginevyo. (Watoto wanaruka. Vumbi linapanda hadi safu ya mbele.) Ninyi mliokuwa mkingoja Kituo cha Kisasa cha Katuni nilichokiahidi, chenye ghorofa tatu, projekta mbili na bustani, nakiona kila ninapofumba macho. Jiwe lake la msingi liko tayari, isipokuwa msingi.

Sasa nishukuru, kwa sababu asiyeshukuru watu hupitwa na upepo. Nawashukuru wajumbe kumi na saba wa kamati yangu, ambao kwa uzalendo wao wangefanya kazi kubwa zaidi iwapo wangeteuliwa. (Mnong'ono.) Barua ya kuwateua imeandaliwa na inangoja muhuri; muhuri unangoja ofisi; na ofisi, kama mnavyojua, tuliomba. Nashukuru kwa vile vikao arubaini na kimoja, ambavyo mimi na Kenneth tulihudhuria bila kukosa, tukiwa peke yetu, pale kwa muuza mahamri. Namshukuru pia mke wangu, Mbodze, ambaye tangu mwezi wa Machi amefunga banda la kuku kwa kamba, baada ya kufuli yake kuitwa katika huduma ya umma. (Mama yule yule: “Yaani hii kufuli ni ya kuku?”) Ni kufuli imara, mama. Kuku hawajawahi kulalamika.

Ufunguo upo hapa. Umekuwa katika mfuko huu wa koti kwa miezi minane, na kwa kuwa kuna utepe, na mimi sikuja na utepe ili urudi nyumbani, natumia fursa hii kulifungua rasmi jumba hili ambalo serikali imewaletea, lenye chumba kimoja, televisheni moja, na Bi Tumu mmoja. (Anakata utepe. Kufuli, iliyoshika kutu, inamkataa mara mbili. Bi Tumu anapaka ncha ya ufunguo mafuta ya nazi kutoka kikopo cha mmoja wa akina mama, na inafunguka. Watoto wanapita chini ya mikono ya Mwenyekiti.)

Polepole. Wageni waheshimiwa kwanza. Basi, watoto kwanza. Vivyo hivyo, tena kadhalika, nitakaposema Maendeleo, mjibu Hayarudi Nyuma. Maendeleo! (Kutoka ndani ya jumba, sauti nyingi: “Uzi mwingine upo!”) Maendeleo! (“Uzi mwingine upo!”) Haidhuru. Ninaona viti vinabebwa. Mwakilishi wa mwakilishi, kiti chako kinaingia ndani, tafadhali kifuate. Nilikuwa na kurasa kumi na moja zaidi kuhusu historia ya upepo…

(Ndani, mashine ya video inanguruma. Kisha kupitia dirishani inasikika sauti nzito ya mwanamume, ingawa hakuna mwanamume aliyeingia: “Mheshimiwa korongo, mheshimiwa mke wa korongo, mayai yaliyopo na yanayotarajiwa, vivyo hivyo, tena kadhalika, kabla tiara haijaruka…” Watoto wanacheka hadi madirisha yanatetemeka. Uwanjani wamebaki Mwenyekiti, kipaza sauti na Kenneth.)

Sikiliza, Kenneth. Nyamaza usikilize. Unasikia mtu anavyozungumza? Andika hayo maneno. Ndiye niliyekuwa nikiwaambia.