Aina ya Meneja Medard

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Tukuyu, Mpuguso na Isongole kwamba kiwanda cha chai, kwa kuwa kimepata bahati ya kubinafsishwa, kitahakikiwa kisayansi. Ndivyo Meneja Medard alivyoandika ubaoni, akagonga mihuri mitatu ili hata mvua iogope.

Mnunuzi alitaka orodha moja ya kila alichonunua. Basi watu, mashine na meza vikaingizwa humo kwa pamoja, naye Dainess, mtaalamu wa kompyuta kutoka Mbeya, akatunga programu ya Java. Ilishuka orodha toka juu hadi chini, ikisimama kwa kila kilichomo na kuuliza: wewe ni wa aina gani? Mfanyakazi, unabaki kazini. Mashine, unapakwa grisi. Usiye huku wala huku, mnadani Jumamosi. Kanuni aliitunga Medard mwenyewe, akaifunga hivi: "Uamuzi wa kompyuta haukatiwi rufaa."

Mzee Ambindwile, mchochea moto wa tanuri la kukaushia chai tangu ujana wake, aliingia ofisini kofia mkononi, akamwendea Dainess.

"Mwanangu, mimi umeniandika wapi?"

"Mfanyakazi, mzee."

"Ndaga fijo, asante sana. Nilidhani niko pamoja na kuni."

Medard, aliyesimama nyuma ya Dainess, alicheka hadi akakohoa. "Na mimi je?"

"Mfanyakazi, bosi."

Kicheko kikakatika. Miaka ishirini ya kupokea wageni, leo atiwe kapu moja na mchochea moto!

"Futa. Andika Mheshimiwa."

"Bosi, programu haiijui aina hiyo."

"Itanijua tu. Wilaya nzima inanijua."

Dainess akaandika kama alivyoagizwa. Jioni karatasi ikabandikwa. Wafanyakazi, mia na tisa. Mashine, kumi na nne. Mnadani: mabenchi mabovu mawili, kabati lisilo na mlango, kiti cha kuzunguka, Mheshimiwa Medard.

Alikimbilia kwa mnunuzi. Mnunuzi akamwonyesha kanuni aliyoitunga mwenyewe, na mihuri yake mitatu.

Jumamosi dalali, mtu wa kufuata taratibu, alimwomba Medard akalie kile kiti ili mali isitawanyike.

"Kiti na kilicho juu yake! Nani anaanza?"

Mzee Ambindwile akakizunguka, akajaribu magurudumu, akavua kofia kwa adabu.

"Kiti nakichukua. Ila Mheshimiwa ashuke kwanza. Kule tanurini wanaokalia viti ni wafanyakazi."