Jinsi Peggy Kowalczyk Alivyozitetea Katuni za Jumamosi

Nyamazeni, enyi wasikilizaji, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nitakayoyasimulia ni makuu: vita vya sebuleni mjini Toledo, jimbo la Ohio, ambapo Peggy binti Kowalczyk, mwenye umri wa miaka tisa na nguo za kulalia zilizochanika gotini, alisimama peke yake kuitetea milki ya watoto wote wa Marekani.

Milki yenyewe ilikuwa saa nne za katuni. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, wazazi wangali wanakoroma, watoto walishuka ngazi kwa kunyata, wakajimiminia nafaka za sukari na maziwa, wakajipanga mbele ya televisheni kama askari mbele ya sultani. Na sultani huyo, Mola amsitiri, alikuwa hohehahe. Shujaa wa katuni alichezesha mdomo tu, mwili umeganda kama ukuni. Alipokimbia alipita mti uleule mara kumi na moja. Na watu wasioonekana waliangua kicheko pasipokuwa na kichekesho. Sifa za ubora huu adhimu zilienea hadi ikaandikwa gazetini kwamba katuni zinaozesha akili, na gazeti likamfikia Lorraine, mama yake Peggy.

Akashuka Jumamosi iliyofuata na daftari na kalamu, mfano wa kadhi, akasimama nyuma ya kochi.

"Nitaangalia moja, mwanzo mpaka mwisho," akatamka. "Nikiona kitu kimoja chenye ubora, kimoja tu, mtaendelea. Nikikosa, kuanzia wiki ijayo Jumamosi ni piano kwa Bi. Hruska, wewe na mdogo wako."

"Bi. Hruska ananuka kabichi," akasema Denise, huyo mdogo mwenye miaka sita.

"Na wewe unanuka maziwa," akajibu Lorraine. "Tulia."

Vita vikaanza. Shujaa akakimbia.

"Huu mti si tumeshaupita?"

"Ni mwingine, Mama."

"Na ndege yuleyule juu yake?"

"Labda anatufuata."

Kalamu ikateka ukurasa wa kwanza, ikavamia wa pili. Peggy, simba wa kochi, akaona Jumamosi zake zote zinazama mbele ya macho yake. Ndipo kobe mwenye kofia akateleza kwenye mto wa maziwa, laini, kila wimbi likimetameta. Lorraine akaweka kalamu chini.

"Haya, hiki sasa kimechorwa. Tazameni maji yanavyokwenda. Aliyekifanya ana kipaji. Basi, nimeshindwa, endeleeni."

Denise akamtazama dada yake. Ushindi ulikuwa umeletwa hadi mdomoni. Kilichotakiwa ni kuunyamazia tu. Peggy akatafuna nafaka zake polepole mno, akameza.

"Hilo ni tangazo, Mama. La nafaka."

Lorraine akaiokota tena kalamu, lakini Peggy akaendelea.

"Mama, sisi tunajua ni mbaya. Huo mti tunaujua kuliko wewe. Lakini Jumatatu mpaka Ijumaa kila tunachopewa ni kwa faida yetu. Maharage, mswaki, hesabu. Jumapili kanisani. Hizi katuni hazitaki tuwe chochote."

"Zinataka mnunue nafaka."

"Na tumeshanunua."

Lorraine akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa mahali asipotakiwa kufanya kitu, akashindwa, na ikamuuma.

"Nipisheni hapo katikati," akasema. Akatia mkono ndani ya boksi la nafaka, akatafuna. Baada ya muda akauliza, "Sasa huyu anakimbia nini?"

"Hatujui," akasema Denise. "Kila wiki anakimbia."

Basi wanahistoria na waandike, na vizazi visome kwa kutetemeka: kwamba saa tatu kasorobo, bila damu kumwagika ila maziwa kidogo zuliani, Lorraine Kowalczyk, aliyeshuka kuhukumu, aliketi chini kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.