Ukitaka Kibaki Kizima, Kizime

Jumatatu, 9 Juni

Limefika! Gari la umeme! Jeupe, kimya, halina harufu. Nimelizunguka nikitafuta bomba la moshi. Hakuna! Enzi ya dizeli imekwisha, na wa kuipelekea taarifa ni mimi.

Nilianza na Gia. Gia ni fundi wa magari, jirani yetu wa chini, mwenye pikapu inayokohoa kila alfajiri hadi jengo lote linaamka na kumtakia mabaya. Akaniuliza kama gari langu limewaka. Nikamwambia limewaka kitambo. Akainama, akaweka sikio kwenye boneti, akasimama taratibu kama mtu aliyetoka wodini. Akasema pole sana, jirani, lilikuwa linaumwa nini?

Wivu mtupu.

Soketi pekee inayofikiwa na waya wangu iko chumba cha kufulia, kule uani. Nimechomeka. Kabla hata sijanawa mikono, Gia amekwisha kunishtaki kwa mwenyekiti wa wakazi, mama mshonaji wa ghorofa ya pili. Anadai soketi ni ya jengo, si ya baba wa mtu. Kutakuwa na mkutano Jumapili. Wakazi wakikataa, waya unatolewa, na gari lisilo na pa kuchajia ni kabati lenye magurudumu. Nitaliuza. Nitarudi kuomba lifti kwenye pikapu ya Gia, nikae nyuma na matairi mabovu. Afadhali nitambae.

Lakini mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nukta ikikaa vibaya naiona nikiwa mlangoni. Kosa halinipiti! Nitamsahihisha Gia. Mpango: kuwapa lifti wapiga kura, mmoja mmoja, hadi Jumapili.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi kwa ajili ya magoti yake. Daktari kamwamuru atembee kila akimaliza kula, kwa hiyo anazunguka ua. Mgeni wa heri. Ana tabia moja tu: anazima vitu. Leo amezima redio katikati ya taarifa ya habari, na pasi nikiwa bado nimeishika. Anasema, baba, ukitaka kitu kibaki kizima, kizime. Msemo mtamu! Nimeuandika hapa usije ukapotea.

Jumanne, 10 Juni

Hujuma! Nililala nikijua nitaamka na betri iliyoshiba. Asubuhi gari lina njaa ile ile ya jana, na plagi inaning'inia ukutani kama popo. Nani anaichukia plagi hii? Sihitaji kamusi.

Hata hivyo kampeni haikusimama. Nimempeleka mwenyekiti kununua vitambaa. Kiyoyozi kinakula chaji, nikakizima. Madirisha yakiwa wazi upepo unavuta gari nyuma, nikayafunga. Alisema anajisikia kama yumo ndani ya pasi. Ili kumsahaulisha joto nikamweleza ajabu ya gari hili: ukifunga breki, umeme unarudi kwenye betri. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha tena. Nilimwonyesha njia nzima. Alipotoka dukani, uso wake na kitambaa alichonunua vilikuwa kijani kimoja. Kasema atarudi kwa miguu.

Naihesabu kura hiyo kuwa ni labda.

Alhamisi, 12 Juni

Plagi nje tena! Na jana pia! Mke wangu ameshauri nimuulize Gia kistaarabu. Nimemjibu kwamba hakuna ngome iliyotekwa kwa kubisha hodi. Kasema basi kachaji mjini, mume wangu, utuache tupumue.

Nikaenda kwenye nguzo za kuchajia karibu na soko. Ya kwanza mbovu. Ya pili inataka programu ya simu, programu inataka mtandao, mtandao umekwenda na upepo. Ya tatu nzima kabisa, lakini mbele yake limeegeshwa gari la petroli, na mwenyewe yuko kinyozi. Nilimsubiri. Alipotoka, nusu ya kidevu ikiwa bado na povu kwa jinsi nilivyopiga honi, nilimpa hotuba kuhusu ustaarabu, vizazi vijavyo na hewa ya wajukuu wake. Alisikiliza hadi mwisho, mtu mpole. Kisha akaniuliza, hivi, kaka, hiyo nguzo si ya bomba la maji?

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya aibu. Mama mkwe alikuwa na miadi kliniki, juu kilimani. Betri asilimia kumi na nne. Skrini ilisema tunafika na chenji inabaki. Skrini haikuambiwa habari za kilima.

Nilizima kiyoyozi. Nilizima redio. Nilimwomba mke wangu achomoe simu yake. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanisifu. Sasa umekomaa, baba, alisema, unazima vitu.

Katikati ya mlima ikatokea kwenye skrini alama ya kobe. Kobe! Wahandisi wamesoma miaka yote hiyo, wakakaa kikao, wakamchora kobe! Na gari likamtii. Tukatambaa. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akatupita, akageuka, akatupa pole. Kisha hata kobe akachoka.

Na nani akatokea nyuma yetu katika wingu jeusi? Gia. Hakucheka. Hilo ndilo liliniuma! Alimwamkia mama mkwe, shikamoo mama, akamkalisha kiti cha mbele na mke wangu pembeni, akawafikisha kliniki. Akarudi na kamba akanivuta. Jioni nzima mama mkwe ana wimbo mmoja: kijana yule ana adabu, na gari lake hata ukiwa jikoni unalisikia lipo. Kijana! Ana mvi kunishinda.

Siri yangu na shajara hii: nilipokuwa navutwa nilikuwa nagusagusa breki, na betri ikapanda asilimia mbili. Dizeli yake, umeme wangu! Huo si wizi, ni fidia. Kamba ilikatika, akaifunga, ikakatika tena. Alisema haelewi kigari kidogo namna ile kinapata wapi uzito wote huo. Nilikaa kimya kama gari langu.

Jumapili, 15 Juni, mchana

Mtego! Plagi nimeipaka dawa ya viatu, nyeusi, sehemu ya plastiki tu, maana mimi si mwendawazimu. Nikachomeka, nikapanda juu kula. Atakayeichomoa mkono wake utasema.

Tumekula. Mama mkwe akaenda kuzunguka ua. Aliporudi nikashuka kuchungulia. Plagi inaning'inia! Gia, umekwisha!

Kero moja ndogo: kopo la sukari limejaa alama nyeusi za vidole. Nimemwambia mke wangu asishike masizi ya sufuria kisha akashika sukari. Amenionyesha viganja vyake, safi kabisa, akarudi kwenye vyombo vyake.

Natoka kwenda mkutanoni, shati jeupe, nimenyoosha. Mama mkwe amenipiga kofi la baraka mgongoni: nenda, baba, ukashinde, tunakuja nyuma yako. Mkwe wa watu! Kwa baraka hizo nitashindwaje?

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Nilisimama katikati ya ua. Nikasema ndugu wakazi, kati yetu yumo mhujumu! Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Hofu, nikajua. Nikaamuru kila mtu anyooshe mikono. Ikanyooka. Na mikono ya Gia, jamani! Myeusi ti, hadi ndani ya kucha! Nikapiga kelele za furaha.

Mlinzi akasema kwa upole kwamba mikono ya Gia iko hivyo tangu jengo hili likiwa msingi. Mwenyekiti akaongeza kwamba hata siku ya harusi yake alivaa glavu.

Nikageuka kuomba msaada kwa walio nyuma. Walio mbele wakaangua kicheko. Nikawageukia hao. Wa nyuma wakaangua. Nikazunguka kama feni hadi mke wangu akanishika bega na kunieleza: mgongoni kwangu, juu ya shati jeupe, kuna kiganja cheusi na vidole vyake vyote.

Mama mkwe akanyanyuka kitini, mkono juu, uso umejaa fahari. Akasema ni yeye. Kila siku, baba wa watu anasahau waya umechomekwa, na yeye na magoti yake haya anazunguka anamchomolea, asiwaunguze watu wakiwa usingizini, na hajawahi kudai hata asante. Akamalizia kwa sauti ya mahubiri: ukitaka kitu kibaki kizima, kizime!

Wakampigia makofi. Vifijo! Mkwe hasahihishwi. Nikasema asante, mama.

Ikabaki kura. Gia akainuka, nami nikaanza kuliaga gari langu kimoyomoyo. Akasema mtu aliyechomolewa wiki nzima na mkwewe amekwisha kuadhibiwa, mwacheni achaji, ila afunge mita yake. Mikono ikainuka, hata wa mwenyekiti, ingawa ulichelewa. Waya unabaki! Gari linabaki! Nilimwomba Gia msamaha mbele ya watu wote, na nilimaanisha. Tukashikana mikono. Wangu sasa hautakati.

Kwa furaha siwezi kukaa. Nimechomeka gari. Kisha nikaona nisilaze shati na doa, nikachomoa gari, nikachomeka mashine ya kufulia, doa likatoka lote. Mama mkwe amelala mapema, magoti yamemchosha, leo hazunguki. Nami nakwenda kulala usingizi wa mshindi.

Jumatatu, 16 Juni

Asilimia kumi na moja! Plagi sakafuni!

Nimefikiri kwa utulivu, kama kazi yangu inavyonifunza. Mama mkwe hakutoka chumbani usiku kucha, mke wangu shahidi. Alfajiri ameondoka kwenda kwao, kwenye pikapu ya Gia, kiti cha mbele, akinipungia mkono. Kwa hiyo si yeye. Nani basi? Nani alijifanya mwema mbele ya mkutano mzima ili nisimshuku tena? Nani alinishika mkono akitabasamu?

Na ona ujeuri wa mtu huyu: kwenye soketi yangu, mahali pa plagi yangu, amechomeka mashine ya kufulia!

Kosa halinipiti mimi. Nimepita dukani nikitoka kazini, nimenunua kopo jingine la dawa ya viatu. Safari hii nyeupe. Kwenye mikono ya Gia itaonekana.