Namba Kumi ni Kijeba

Jumatatu, 4 Novemba

Orodha ya wanasoka vijana imetoka. Ovyo kabisa! Inaitwa Chipukizi Hamsini wa Taifa. Anayeipanga ni bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Abdulatifu, ambaye nina hakika hajawahi kukanyaga Masasi hata kwa kupotea njia. Anthony, mtoto wa marehemu kaka yangu Cuthbert, kawekwa namba kumi na moja. Na chuo kimoja cha Dodoma kimetangaza kuwasomesha bure kumi bora wakachezee timu ya chuo. Kumi. Si kumi na moja!

Namba kumi ni nani? Nambole, winga, Newala. Jina moja tu, kama dawa ya panya.

Mimi kazi yangu ni kupanga madaraja. Miaka kumi na sita niko ghala la chama cha msingi cha ushirika. Nikiishika korosho tu najua hii ni ya kwanza, hii ni ya pili. Leo nimewatangazia wote ghalani kwamba Anthony ni daraja la kwanza. Felix, mtu wa Newala, ambaye kazi yake ni kushona magunia lakini ajabu anajifanya mchambuzi wa mpira, akasema joto la mawe ya Masasi limenipanda kichwani. Eti Nambole anamwacha Anthony mbali. Nikamjibu kwamba watu waliokulia kwenye foleni ya ndoo za maji hawawezi kunifundisha mpira. Katika kubishana nikamimina nusu gunia la daraja la pili kwenye rundo la kwanza. Katibu kaniandikia onyo. Mtu asiyependa michezo, yule.

Nyumbani Stella, mke wangu, alipoona orodha akataka kuniambia jambo kuhusu huyo Nambole. Nikamwomba mambo ya mpira aniachie mwenyewe.

Jumanne, 5 Novemba

Mashabiki wanaruhusiwa kupiga kura kwa simu. Kumbe! Nikaenda mazoezi ya kwaya jioni, nikaomba dakika tano. Nikawaeleza kwamba huu ni wajibu wa Kikristo. Mwalimu wa kwaya, Isabela, akasema haoni uhusiano. Lakini walipiga, kura ishirini na mbili, soprano wote na besi nusu.

Halafu nikagundua majina kumi na kumi na moja yamekaa jirani kwenye kioo, na watu wengi wa kwaya wana vidole vinene. Kura kumi na saba zimekwenda kwa Nambole. Nimelala na njaa kwa hasira.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye neno ni mjomba. Mimi baba mdogo ni wa kuitwa kwenye picha. Mjomba wa Anthony ni Yeremia wa Chilangala, huko Newala, na tangu kijana amalize kidato cha sita yuko huko kwake anaokota korosho. Mimi na Yeremia hatusemezani mwaka wa tisa sasa. Siku Anthony alipotoka jandoni, sherehe ilikuwa kwake, na nilikalishwa pamoja na vijana wa kubeba viti. Mimi! Nikaondoka kabla ya chakula. Stella alibaki mpaka mwisho, akala.

Kaka alipokufa Anthony alikuwa na miaka minne. Ana mguu wa kushoto wa baba yake, uleule. Nikimwona anakimbia, roho inaniuma na kunipendeza kwa pamoja. Akienda chuo kwa jina la kaka yangu, hata mjomba awe nani hataweza kulifuta. Ndiyo maana sikubali kumi na moja.

Basi leo nimemwandikia Abdulatifu. Nimemweleza kwamba Nambole ni kijeba, mtu mzima anayecheza na watoto. Ana miaka thelathini na moja, ana wake wawili na shamba la korosho ekari tatu. Sijawahi kumwona, lakini mambo haya yanajulikana. Nimesaini: Mpenda Haki.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi! Nambole kasimamishwa kwenye orodha wakati uchunguzi ukiendelea. Wote chini yake wamepanda. Anthony namba kumi! Nimewanunulia soda watu wote ghalani isipokuwa Felix. Felix akasema kuna mtu mwovu kamchongea mtoto wa watu, na yeye hatakaa kimya. Nikasema dunia imeharibika kweli.

Abdulatifu anamwomba Mpenda Haki picha ya huyo kijeba. Kesho Nambole anacheza Newala. Nitakwenda mwenyewe. Stella aliposikia nakwenda kumtazama Nambole alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake!

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepanda basi la asubuhi mpaka juu Newala. Upepo mzuri, nakiri, ila sitamwambia Felix. Uwanjani nikajipenyeza nyuma ya goli, simu mkononi. Watu wakaanza kuimba Nambole, Nambole. Akaja winga anakokota mpira kwa mguu wa kushoto, nikainua simu, nikaishusha.

Anthony!

Nikajua mara moja: wamemwiba. Wamemvalisha jezi ya Newala na kumpa jina la kijeba wao! Nikaingia uwanjani. Nilifika karibu na nusu ya uwanja nikiita jina alilopewa na baba yake, hadi mwamuzi akasimamisha mchezo. Mtu akanishika mkono kwa upole. Yeremia. Tukasalimiana kwa lazima, watu wanatazama. Akaniuliza kama nilikuwa sijui kweli. Kila kijana anatoka jandoni na jina jipya, akasema, na la huyu lilitangazwa mbele ya watu wote baada ya chakula. Kama Baba Witness, yaani mimi, angevumilia kukaa na wabeba viti nusu saa zaidi, angelisikia.

Miaka tisa uwanda wote wa Newala unamwita Nambole. Shuleni Masasi aliitwa Anthony. Bwana wa Dar kamwokota mara mbili, mara moja kwenye mashindano ya shule, mara ya pili hapa.

Nimerudi na basi la jioni. Nimemuuliza Stella kwa nini hakuniambia. Kasema alijaribu Jumatatu. Simkumbuki akijaribu kwa bidii.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimemwandikia Abdulatifu tena: kijeba si kijeba, wake wamepungua, shamba ni la mjomba. Nimechelewa. Felix, katika kumtetea Nambole, alituma picha yake. Abdulatifu kaiona ni sura ya Anthony wa Masasi. Anasema huu ni udanganyifu, mtu mmoja nafasi mbili. Majina yote mawili yamefutwa. Atarudishwa tu ikiletwa barua ya familia yenye saini ya upande wa baba na upande wa mama, kabla ya Jumatano jioni.

Namba kumi na moja ilikuwa namba nzuri sana.

Jumanne, 12 Novemba

Chilangala. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina msiba. Karibu ni kweli.

Yeremia kanipokea vizuri, jambo lililonikera zaidi. Katoa kiti cha mgongo, kakiweka katikati ya ua. Wamekuja wazee wawili na akina mama wasio na idadi. Akasema barua atasaini, lakini kwanza nimwite mtoto kwa jina lake la jando mbele ya watu, kama baba mdogo anavyopaswa, maana miaka tisa nimemkatalia utu uzima wake. Nikakataa. Nikasema jina alipewa na Cuthbert, na Cuthbert hayupo tena kumpa lingine. Nikainuka kwenye kiti chao. Hilo sikulipanga.

Kijana mwenyewe akaja akapiga goti, shikamoo baba mdogo. Marahaba. Akatoa vyeti vyake kwenye bahasha: Anthony Cuthbert, kila kimoja. Akasema jina la baba analo na hakuna aliyemnyang'anya. Hili jingine ni lake mwenyewe. Halafu akaniuliza, bila hasira, ni nani aliyeandika kwamba ana wake wawili.

Nikaita Nambole. Niliita kwa sauti, mara mbili, akina mama wakapiga vigelegele. Kuhusu wale wake nikasema uchunguzi unaendelea. Tukasaini.

Alhamisi, 14 Novemba

Karudishwa! Kura za majina mawili zimejumlishwa, zile za kwaya zikiwemo. Namba saba. Anthony Cuthbert Nambole, Masasi na Newala. Felix anadai Newala ndiyo iliyompandisha. Nimemkumbusha kwamba bila ile barua ya Mpenda Haki kura zisingeunganishwa kamwe. Kaniuliza nimejuaje jina la Mpenda Haki. Nimerudi kwenye magunia yangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Anthony kaja kuaga. Januari anakwenda Dodoma, anasomeshwa bure. Stella kampikia kuku, nami nimempa saa ya kaka, haitembei lakini ni ya kaka. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi. Wakati wa kuondoka kanivuta pembeni, akasema ana ombi moja tu kwangu: nisimwandikie mtu yeyote jambo lolote juu yake, tena. Nimeapa. Nimeshika mpaka Biblia.

Ila nimepata habari kwamba kocha wa chuo anataka kumchezesha beki. Beki! Mguu ule! Kocha lazima aelimishwe na mtu, na kwa kuwa baba mdogo kaapa, baba mdogo hataandika. Barua imekwenda mchana huu, kurasa tatu, na mchoro wa uwanja. Nimesaini: Yeremia, mjomba wake.