Ndago Haifi, Huhama

Kucha zake zilikuwa safi. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla ya koti lake jeupe, kabla ya mkoba wake, kabla hata ya ule mdomo ambao baadaye ulituzungusha kama pia. Alisimama getini akasema ana miaka ishirini anaangamiza magugu kwenye bustani za wakubwa. Mimi nikatazama mikono yake nikaona kucha kumi zinang'aa kama za bibi harusi. Mimi nilikuwa nimepalilia wiki mbili tu, na zangu zilikuwa na udongo usiotoka hata kwa brashi ya kufulia.

Mimi si msemaji. Nilikuwa msichana wa kazi katika nyumba ile, na mtu anayefagia hujifunza jambo moja mapema: watu hawapunguzi sauti mbele ya fagio. Ndiyo maana hadithi hii naijua yote.

Mwenye nyumba, niliyemwita Baba, alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu. Kwa kuwa hakuwa tena na shule za kukagua, alikagua sukari, taa na ukoka. Ukoka wenyewe ulikuwa uwanja mdogo mbele ya nyumba, na aliupenda kuliko jamaa zake wengi. Katikati ya ukoka ule ikaota ndago.

Asiyeijua ndago ashukuru. Juu ni jani jembamba, lenye adabu. Chini ni punje nyeusi ya mviringo, ukubwa wa ushanga, na kwenye punje kuna uzi, na mwisho wa uzi kuna punje nyingine. Ukivuta jani, uzi unakatika na punje zinabaki chini zinakucheka. Umeng'oa moja, kesho zinaota tatu.

Na baada ya wiki sita wakwe walikuwa wanakuja. Mtoto mkubwa wa nyumba ile alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa mchumba wangeketi pale ukokani, viti kumi na viwili. Mama mwenye nyumba alikwisha kuniambia, "Binti, wakwe wakiyakuta haya majani hapa, wewe wasikukute."

Kwetu tulilala watano chumba kimoja. Hapa nilikuwa na chumba changu nyuma ya jiko, kina dirisha, na ndani yake kulikuwa na cherehani ya Mama, ambayo aliniruhusu kuitumia wakati wa mchana akipumzika. Nilikuwa nashona gauni la bluu. Lilikuwa limepata mkono mmoja.

Basi Daktari wa Nyasi, hivyo ndivyo alivyojiita, akapiga magoti ukokani. Akatoa mkobani kile kifaa cha madaktari cha kusikilizia kifua, akakiweka masikioni, akausikiliza mchanga. Akatikisa kichwa. Akasogea. Akasikiliza tena.

"Vipi?" Baba akauliza.

"Shh. Mzee wangu, usilitaje jina lake. Wanasikia."

"Nani?"

"Hawa." Akaonyesha ndago kwa kidevu. "Kuanzia leo waite 'wale'. Mzee, umekuwa ukiwang'oa?"

"Binti anawang'oa."

"Ndiyo maana wana hasira." Akasimama, akapangusa magoti. "Nitakwambia siri ambayo wataalamu wengine wanaificha. Ndago," na hapo akanong'ona, "haifi. Huhama."

"Inahamia wapi?"

Daktari aliuangalia uzio. Nyuma ya uzio kulikuwa na ukoka wa jirani yetu, Mama Saluni, mwanamke mwenye sauti kubwa na saluni mbili, ambaye mwaka uliopita alimwambia Baba mbele za watu kwamba kitambi chake kimemtangulia kustaafu.

Baba naye akauangalia uzio. Alikuwa mtu wa dini, aliyefundisha watoto wa watu tofauti ya jema na baya kwa miaka thelathini. Akakohoa.

"Mimi sina ubaya na mtu," akasema. "Lakini kama ni lazima ihamie mahali..."

"Ni lazima, mzee wangu."

"...basi isiende mbali ikachoka."

Daktari akapewa chai, akapewa kianzio, akanyunyizia dawa. Dawa ilikuwa ya bluu, kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Upepo uliponiletea harufu yake niliijua mara moja, maana nilikuwa nayo beseni zima nyuma ya nyumba. Ilikuwa sabuni ya kufulia na bluu ya nguo nyeupe. Nikaendelea kufagia.

Jioni ileile nilikuwa naanua nguo karibu na uzio, nikasikia sauti upande wa pili.

"Haifi, dada yangu. Huhama."

"Ihamie kwa huyo mwalimu!" Mama Saluni akasema bila hata kukohoa. "Yote! Usibakishe hata mizizi. Tena kama una na dawa ya viroboto, ongeza."

Hapo nikamwelewa Daktari. Ndago moja, mabwana wawili, na kila bwana analipa ili impate mwenzake. Mtu mvivu hawezi kubuni hivyo. Lazima nikiri nilimstahi kidogo.

Wiki ya pili ndago ikanawiri kupita kiasi. Sabuni ilikuja na maji mengi, na maji ndiyo iliyokuwa ikiyasubiri.

"Daktari, wale mbona wananenepa?" Mama akauliza.

"Vizuri sana, Mama! Wewe siku ya safari huvai nguo nzuri? Nao wanajiandaa."

Asubuhi moja Baba akatoka mapema akapanda juu ya ndoo, achungulie kwa jirani kama ndago yake imefika. Kichwa chake kilipotokeza juu ya uzio, kilikutana na kichwa cha Mama Saluni, ambaye naye alikuwa amepanda ndoo.

Walitazamana.

"Habari za asubuhi, jirani," Baba akasema.

"Nzuri, mwalimu. Unanyoosha shingo?"

"Napunga upepo. Na wewe?"

"Nami napunga. Wale wako... nyasi zako hazijambo?"

"Hazijambo kabisa. Zako naona zimepata wageni."

"Na zako naona hazijaaga."

Wakashuka kwenye ndoo kwa wakati mmoja, kila mmoja ameshaamini kwamba mwenzake anamrudishia. Daktari akawauzia wote vigingi vya kufunga njia chini ya uzio. Vilikuwa miguu ya kiti. Kiti chenyewe nilikuwa nimekiona jalalani wiki ile, kikiwa bado kizima.

Lakini mwongo njia yake fupi, na ya Daktari ilifika mwisho wiki ya tatu. Mama akatoka barazani ameshika kiuno.

"Daktari, zimebaki wiki tatu. Ukoka umekuwa msitu. Ama unaniambia kisa, ama naita watu."

Nilimwona akitafuta kisa. Macho yake yalizunguka ukokani, yakapita kwenye vigingi, yakapita kwa Baba, yakanifikia mimi na fagio langu, yakatua.

"Mama, nilikuwa naogopa kusema. Ni huyu binti."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya. Ndivyo alivyozaliwa. Mkono wake una rutuba. Kila anapogusa panaota. Akiwa hapa, dawa yangu ni kama kumvika samaki koti la mvua."

Mama akanitazama mikono. Nikaificha nyuma. Na kuificha huko kukawa ushahidi.

"Jumapili," Mama akasema. "Jumapili utarudi kwenu, mwanangu. Si kwa ubaya."

Nilikwenda chumbani kwangu nikaketi mbele ya cherehani, nikalitazama gauni lenye mkono mmoja. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika, na kukasirika kulikuwa kugeni kwangu, sikujua pa kukuweka. Mtu anadanganya wenye nyumba zao, hilo ni lao. Lakini mimi nilikuwa na dirisha moja tu.

Kesho yake Baba na Mama walikwenda kuazima viti. Daktari akabaki kivulini, akaniita kama vile nyumba ni yake. "We mrembo, lete chai."

Nikaleta. Nikaweka chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje, nikasema naye.

"Daktari, ukiziona usimwambie Mama."

"Nikiona nini?"

"Hakuna kitu." Nikageuka niondoke.

Ukitaka mwongo akuamini, ondoka. Alinishika kanga. "Ngoja, ngoja, mdogo wangu. Nikiona nini?"

"Shanga."

"Shanga gani?"

"Sijui mimi. Za bibi mzaa Baba. Alikuwa akizivaa shingoni mara tatu. Zilikatika hapa."

"Hapa wapi?"

Nikauonyesha ukoka wote kwa mkono mmoja.

"Za plastiki hizo," akasema, lakini kikombe kilikuwa kimesimama njiani.

"Labda. Zilikuwa nzito tu. Na za njano."

Kikombe kikashuka.

"Na hawakuzitafuta?"

"Walitafuta juu. Chini hawakuchimba, ukoka ulikuwa umeshapandwa. Na sasa zimeshika udongo, huwezi kuzitofautisha na hizi." Nikampa punje ya ndago niliyokuwa nayo mfukoni. "Mpaka uisugue."

Akaisugua kwenye koti lake jeupe. Ilikuwa ndago. Lakini alikwisha kuanza, na aliyeanza kusugua haachi.

Baba aliporudi, alimkuta Daktari amesimama kama mtu aliyeota ndoto njema.

"Mzee wangu, nimeamua upasuaji. Nitachimba uwanja mzima, nichekeche kila konzi ya mchanga. Na kwa heshima yako, bure."

Baba hajawahi kulikataa neno bure tangu azaliwe. "Na binti aondoke?"

Daktari akaniangalia haraka. Aliyejua habari ya shanga nilikuwa mimi peke yangu, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwachia apande basi.

"Hapana! Binti abaki. Katika upasuaji, mkono wa rutuba unahitajika sana."

Alichimba siku nne. Alichimba kwa jembe, kisha kwa kisu, kisha kwa vidole. Alichekecha kwa chekecheke la mafundi ujenzi, akaokota punje moja moja, akazisugua, akazitupa ndooni kwa matusi ya chinichini. Hakubakisha hata uzi, maana penye uzi pana punje, na penye punje pana matumaini. Baba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, mwenye furaha ya mtu aliyerudishwa kazini. "Pale kwenye kona umeruka! Rudia!"

Siku ya tano Mama Saluni akapanda ndoo yake.

"Daktari! Huko unachimba, kwangu umeweka vijiti. Mimi sikulipa?"

Daktari akanijia jikoni, amepinda kama mundu. "Hakuna hata moja! Unanichezea?"

"Sijui mimi," nikasema, nikiosha sufuria. "Wanasema bibi alipenda kuegemea uzio akizungumza na jirani. Labda zilimwagikia ule upande."

Alichimba kwa Mama Saluni siku tano nyingine. Na alipomaliza, Baba alikuwa anamsubiri na rula ndefu ya ubao. "Umeutoa ukoka, urudishe. Kwa mistari. Nataka mistari." Mama Saluni, asishindwe na mwalimu, naye akadai mistari. Daktari akapanda ukoka bustani mbili, akamwagilia asubuhi na jioni, kwani kila mstari ulimpa nafasi ya kutazama udongo mara ya mwisho.

Siku aliyoondoka alinikuta getini. Koti lilikuwa la rangi ya udongo wa mfinyanzi. Akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Dada, kwa jina la Mungu, zile shanga?"

"Pengine alizikwa nazo," nikasema.

Akazitazama kucha zake. Nikazitazama nami. Zilikuwa kucha za mtu wa kazi.

Wakwe walikuja, wakaketi kwenye ukoka mbichi uliopangwa kama madaftari ya darasa. Baba mkwe akavua viatu. Akauliza ni fundi gani huyu, akataka apelekewe. Mama Saluni akasikia uzioni, akawahi kumtajia Daktari, na wiki hiyohiyo Daktari akaitwa nyumba tatu. Nasikia sasa anachimba kweli, analipwa kweli, na mgongo unamuuma kweli. Hajawahi kuwa na hali ngumu kiasi hicho.

Nami nikamalizia mkono wa pili wa gauni.

Ila wageni walipokwisha kuondoka, nilikuwa nakusanya vikombe, nikamsikia Mama akimwambia Baba barazani, bila kupunguza sauti, "Bustani safi, kazi imekuwa ndogo. Yule binti tumrudishe tu kwao mwisho wa mwezi."

Baada ya siku nane nikamwita Mama nikamwonyesha. Karibu na bomba la maji palikuwa na jani moja, jembamba, lenye adabu.

Mama akashika kichwa. "Wale! Wamerudi! Baba watoto, njoo uone! Binti, usiende popote, unasikia? Popote!"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Miaka imepita, na hilo ndilo neno pekee nililolisema kuhusu jambo lile. Sasa naongeza lililobaki. Ile ya bombani niliipanda mimi. Nilizitoa punje kwenye ndoo ya Daktari, konzi moja, nikaziweka ndani ya kopo la pini kwenye droo ya cherehani. Kila nilipoona kazi imepungua, nilipanda moja.