Mama Mkwe Alivyonikuta na Mvinyo wa Uhispania

Leo nimejivua nguo nikiwa nimevaa tai. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wengine.

Mnajua nafanya kazi katika hoteli moja hapa Kisumu, ufuoni. Mnajua pia Jumamosi hii nilikuwa niende Pap Onditi, kwa kina mchumba wangu Akinyi, kujitambulisha rasmi. Msilolijua ni kwamba mama yake ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ameapa binti yake hataolewa na mtu wa pombe. Tulipokutana mara ya kwanza aliniuliza kazi yangu. Nikamjibu, "Niko upande wa vinywaji, Mama." Akauliza, "Soda?" Nikasema, "Na maji pia." (Si uongo. Orodha niliikatia njiani tu.)

Basi leo saa sita meneja akanipa wageni kumi, walimu wastaafu, niwafundishe kuonja mvinyo mwekundu kutoka Uhispania pamoja na chakula cha huku kwetu. Yeye alitaka samaki. Nikakataa. Mvinyo ule ni mkavu, unakamata ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, na ukiukutanisha na samaki mdomo unabaki na ladha ya msumari. Nikachagua aliya, nyama yetu ya kukaushwa juani, iliyochemshwa hadi ikalainika. Mafuta yake yanaupoza ule ukali. Nilijiona profesa!

"Fanyeni kila ninachofanya," nikawaambia. Tukazungusha glasi. Tukanusa. Mzee mmoja akasema ananusa ghala la mahindi. Nikamsifu. (Ni pipa la mbao, lakini alikuwa karibu.) Tukatafuna aliya kidogo, tukapiga funda moja, tukaliviringisha mdomoni. Hatua iliyobaki ilikuwa kutema kwenye ndoo.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mama Akinyi! Kitambaa cheupe kichwani, na wenzake watatu wa kanisa, wamekuja kuangalia ukumbi wa kongamano lao.

Nifanye nini? Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, sembuse kutema! Na kumeza ndiko kunywa kwenyewe. Nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulifanya. Nikainama, nikajificha chini ya meza.

Walimu kumi nao wakainama chini ya meza. Mashavu yamejaa, glasi mkononi, wananitazama wakisubiri hatua inayofuata. Goti la yule mzee wa ghala likalia ko!

Huko juu nikasikia sauti. "Hawa watu wamepoteza nini huko chini?"

Viatu vikasogea. Kisha uso wa Mama Akinyi ukashuka, pole pole, hadi tukaangaliana macho kwa macho.

"Aa! Ni wewe, baba? Bwana asifiwe!"

Mtu hasalimiwi hivyo akanyamaza. Nikameza. "Amina, Mama."

Walimu kumi wakameza. "Amina, Mama!"

Meneja naye akaja mbio, amejaa fahari. "Karibu, Mama! Huyu kijana ndiye mwalimu wetu wa pombe. Kisumu yote hakuna wa kumshinda!"

Mama Akinyi hakunikemea. Angenikemea ningepona. Aliyaangalia tu meno yangu yaliyogeuka mekundu, akawaambia wenzake, "Twendeni." Niliona aibu, ndugu zangu, na si ya kutania. Mama wa watu nilimdanganya, akanikuta nimepiga magoti na wala si kwa maombi. Meneja aliniuliza kama tunaendelea na glasi ya pili. Nikamwambia naumwa.

Saa kumi Akinyi akapiga simu.

"Jumamosi usikuje."

Nikauliza, "Imeisha?"

"Mama ndiye anakuja kwako, huko Migosi."

"Lakini Akinyi, mama mkwe hawezi kuja tu hivyo kwa mkwe!"

"Nilimwambia. Amesema hakuji kama mama mkwe, anakuja kama kanisa. Wako kumi na wawili, na wanakesha wakikuombea."

Naomba msicheke. Mwenye viti vya plastiki aniazime.