Dawa Yangu ya Ini na Ushuhuda wa Nzisa

Alhamisi, 6 Juni
Soko la Mukuyuni limejaa watu na hakuna anayenunua dawa yangu. Kiluma, ile shubiri yetu ya porini, pamoja na mwarobaini. Inasafisha ini, utumbo na chochote atakachotaja mteja. Muthoki, nesi wa zahanati, akapita na kuuliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia nyanya yangu alikunywa hii dawa maisha yake yote. Akauliza nyanya alikufa na nini. Swali gani hilo mbele ya wateja? Alikufa na tumbo, lakini hayo ni mambo ya familia.

Ijumaa, 7 Juni
Mwenye kibanda amesema nisipopata wateja mwezi huu atampa Kitheka, yule muuza mizizi. Kitheka! Ana wazee wa kushuhudia kwamba aliwaponya. Mimi sina hata mmoja. Nimejificha nyuma ya kibanda nikameza vidonge vyangu vya vidonda vya tumbo. Nilipewa hospitalini huko mjini Wote, mbali na macho ya watu, nikaambiwa nivimalize vyote. Anayejua ni mke wangu Nzisa tu.

Jumamosi, 8 Juni
Tumbo halichomi tena. Nimekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani nzima na sijasikia kitu. Ndipo nikang'amua: ushahidi ni mimi! Kesho nitatoa ushuhuda kanisani. Ili usiwe uongo, nimekunywa kijiko kimoja cha dawa yangu. Sikuwa nimewahi kuionja. Ni mbaya ajabu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeaibika. Nilisimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza nilivyoteseka na jinsi miti shamba ilivyoniponya. Watu wakapiga makofi. Kisha Nzisa akainuka, naye ana ushuhuda. Akamshukuru Mungu kwa kunilainisha moyo nikakubali kwenda hospitali kule Wote, akaomba kanisa liniombee nimalize vidonge bila ukaidi. Amina yake ilikuwa kubwa kuliko makofi yangu. Muthoki, yule nesi, ndiye aliyeianzisha hiyo Amina.

Jumatatu, 10 Juni
Wateja wamekuja wengi. Wote wanauliza vile vidonge vinapatikana wapi. Kitheka amecheka mpaka akakaa chini. Nimefikiria sana. Kosa ni la vidonge: vimeniharibia ushahidi. Mtu atajuaje kilichoniponya ni kipi? Nimevitupa chooni vyote vilivyobaki. Sasa ni dawa yangu peke yake, kisayansi.

Alhamisi, 13 Juni
Tumbo linawaka moto. Hiyo ni dawa inafanya kazi, uchafu unatoka. Nimeongeza kipimo. Jumapili nitashuhudia katika kanisa moja la Makindu, ambako hakuna anayetujua. Nilidhani Nzisa atanuna, kumbe amefurahi. Amesema atanisindikiza, na tayari amepiga gauni lake pasi. Hatimaye mke wangu ananiunga mkono.